Neno Lililovuka Mpaka kwa Miguu

Lusahunga ni mahali pa kungojea. Barabara inayotoka Nyakanazi inagawanyika pale: mkono mmoja unakwenda Biharamulo na Bukoba, mwingine unashika magharibi kuelekea Benaco, Rusumo na Kabanga. Malori ya Kigali, Bujumbura na Kongo hujipanga kando ya lami, madereva wanakula, wanaoga kwa ndoo, wanalala chini ya matrela. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mama ntilie nikingoja Haisi ijae, macho yakaangukia lori moja lililoandikwa nyuma, juu kidogo ya madigadi, kwa herufi nyekundu za mkono: AMOUR.

Mimi ni mtu wa Unguja. Kwetu hilo ni jina la mtu. Nimekaa darasa moja na akina Amour watatu, na Zanzibar iliongozwa na Dk. Salmin Amour tangu mwaka 1990 hadi 2000. Ni jina lililotujia kutoka Uarabuni pamoja na majina mengine mengi ya pwani. Basi moyo ukanituma kwamba mwenye lori ni ndugu yangu wa kisiwani aliyefika mbali. Nikamwendea, nikamsalimu, nikamuuliza yeye ni Amour wa wapi.

"Dada, huyo si mtu," aliniambia kwa upole. "Hayo ni mapenzi."

Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, anateremka bandarini Dar es Salaam kufuata mzigo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Akaniambia lori hilo ndilo lililomwoza na ndilo linalosomesha watoto wake wanne, hivyo akaliandika neno analomwita mke wake. Nikamuuliza kwa nini hakuandika kwa Kirundi, lugha ya mama yake. Akafikiri kidogo. "Kwa Kirundi kila mtu njiani angesoma," akasema. "Hili ni la kwangu na lake."

Jibu hilo nilisafiri nalo siku zote zilizofuata.

Safari yenyewe haikuwa ya kutafuta maneno. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo Dar es Salaam alinipa amana niwapelekee wazazi wake huko Ngara: miwani ya mama yake na redio ndogo ya baba yake. Nilikuwa Mwanza kwa kazi ya usahihishaji wa mitihani, nikaona si mbali. Lakini mtu anayefundisha Kiswahili kwa riziki yake hawezi kupita mahali bila kuokota maneno.

Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelala Biharamulo. Jioni nilipanda kwenda kuliangalia boma la Wajerumani, na kuta zake nene zinazoangalia mji na mabonde. Wajerumani hawakukaa sana katika nchi hii, lakini walituachia "shule" kutoka Schule yao na "hela" kutoka Heller, ile sarafu yao ndogo ya wakati wa ukoloni. Watoto wa Biharamulo wanaoomba hela ya daftari la shule wanasema Kijerumani kila asubuhi bila kujua.

Kifaransa nacho kilipita hapohapo na bunduki. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliuteka mji wa Biharamulo, yakaendelea kusini mpaka yakaingia Tabora mwezi Septemba. Maofisa wao wengi walizungumza Kifaransa. Nilimkuta mzee mmoja ameketi chini ya mti karibu na boma, nikamuuliza kama Wabelgiji waliacha neno lolote. "Wale walipita tu, mwanangu," alisema. "Wazee wetu walisimulia habari za wapagazi waliobebeshwa mizigo wakaondoka nao. Neno hawakuacha."

Sijamsahau mzee yule, kwa sababu kesho yake, kilomita nyingi mbele, nilianza kusikia neno la Kifaransa midomoni mwa watu wasiojua Kifaransa. Na halikuletwa na jeshi.

Haisi ilijaa, tukaondoka. Dirishani ni pori refu, kisha vilima, kisha migomba. Zamani kipande hiki kilikuwa na majambazi wenye silaha, na mabasi yalisindikizwa na askari. Tulifika Benaco mchana. Jina hili si la Kihangaza wala la Kishubi, lugha za wenyeji wa huku. Limebaki kutoka kwa kampuni ya Kiitalia iliyopiga kambi hapo ilipojenga barabara. Dunia ililijua jina hilo mwaka 1994. Kuanzia tarehe 28 Aprili, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takribani siku moja, wakatua katika vilima hivi na magodoro, sufuria na watoto mgongoni. Walikaa mpaka Desemba 1996. Warundi, waliokuwa wakikimbia tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, walibaki Lukole mpaka kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008.

Mama aliyekaa pembeni yangu, mwenye kuku wawili kwenye kikapu, alinionyesha kwa kidole vilima vilivyokuwa vyeupe kwa maturubai. Sasa ni mashamba ya mahindi na mihogo. "Nilikuwa msichana mdogo, nauza ndizi kambini," alisema. "Wanawake wengine walikuwa walimu kwao, wengine wauguzi. Ukimpa ndizi moja ya nyongeza anakwambia *mersi, sheri*. Nikadhani Sheri ni jina langu la kikwao."

Sheri. Wafaransa huandika *chéri* kwa mwanamume na *chérie* kwa mwanamke, lakini sikio halioni tofauti. Matamshi ni yaleyale. Nadhani ndiyo maana lilikaa vizuri katika vinywa vya huku. Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kihangaza hazina neno la kiume na la kike kwa namna ya Kifaransa. *Amour* lina matata zaidi: likiwa moja ni la kiume, likiwa mengi, katika uandishi wa kifasihi, hugeuka la kike. Sheri halina mlango wa kukwama. Linaingia lilivyo.

Kabanga nilifika siku ya soko. Mpaka ule, wenye Kobero ya Burundi upande wa pili, hauna kelele nyingi kama nilivyotarajia. Watu wanavuka na baiskeli za ndizi, na vitenge, na magunia ya maharage. Mwenye meza ya vitenge, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliniita: "Sheri, njoo uangalie, kuangalia si kununua." Nikaenda. Wakati anakunjua kitenge cha buluu, akamwita mwanamume aliyepita na mkewe: "Sheri, mnunulie mama!" Mke akacheka, wakasimama.

Nilimuuliza kwa nini hasemi "mpenzi" kama wauzaji wa Kariakoo.

"Mpenzi ukimwita mume wa mtu, mkewe atakuja na maswali," alinijibu. "Sheri haina kesi."

Tuliongea mpaka jua likashuka. Yeye ni Mhangaza, shule aliishia darasa la saba, Kifaransa hajui neno la pili. Sheri alilichukua kwa wateja wa kutoka Burundi, ambako Kifaransa mpaka leo ni lugha rasmi pamoja na Kirundi, na Kiingereza kiliongezwa mwaka 2014. Zaidi ya hapo alilisikia kwenye muziki wa Kongo. Ni kweli: sisi Watanzania tulilelewa na rumba. Orchestra Maquis ilitoka Zaire ikafanya Dar es Salaam nyumbani kwake, Remmy Ongala alizaliwa Kindu akazeekea Sinza, na watu wasiojua Lingala wala Kifaransa walicheza wakijua kwamba likifika *sheri* au *bolingo*, hapo ndipo penye moyo. Upande wa Rusumo mambo yamebadilika. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, na vijana niliowakuta pale siku iliyofuata walinijibu kwa Kiingereza au Kiswahili. Sheri kwao ni neno la mama zao.

Usiku nililala gesti ya Ngara mjini, kukiwa na baridi kuliko nilivyojiandaa, nikaandika kwenye daftari. Nilitaka kuelewa kwa nini watu wenye maneno yao ya mapenzi watake la mgeni. Sisi wa pwani tuna *mahaba*, *huba*, *nyonda*, *muhibu*, *laazizi*, na mengi yake tumeyapokea kwa Waarabu. Tuna *upendo*, ambalo twalitumia kwa Mungu na jirani, na *mapenzi*, ambalo kanisani lina maana ya matakwa ya Mungu na kwenye taarabu lina maana nyingine kabisa. Kirundi na Kinyarwanda zina *urukundo*, kutokana na *gukunda*. Na *gukunda*, sawa na *kupenda* kwetu na *aimer* kwa Wafaransa, hubeba maharage na mke kwa pamoja: unapenda maharage, unampenda mkeo, kitenzi ni kimoja. Maneno yapo, hayajapungua. Kwa nini basi sheri?

Jibu nililipata kwa watu niliowapelekea miwani.

Kutoka mjini nilichukua bodaboda kwenda upande wa Muyenzi. Nyumba iko kwenye mteremko, imezungukwa na migomba na mibuni michache, ua umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, mbele yake kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, *igisabo*, kimewekwa juu ya kata ya majani makavu. Alikuwa anakitikisa mbele na nyuma, taratibu, mkono mmoja shingoni mwa kibuyu na mwingine kitakoni, na ndani yake maziwa yakilia kwa sauti nzito ya kurudiarudia. Nilipiga hodi. Hakuacha kutikisa, siagi ikikaribia haikatizwi. Alinikaribisha kwa macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kaa. Ngoja huyu mtoto alale," akasema, akimaanisha kibuyu.

Kisha sauti ikatoka ndani ya nyumba, ya mwanamume mzee: "Sheri!"

Na mama, mikono ingali kwenye kibuyu, akaitikia: "Karame!"

Nilishtuka kidogo. *Karame* ni itikio la zamani la Kinyarwanda. Aliyeitwa humjibu aliyemwita kwa kumtakia maisha marefu. Mume ametuma neno la Ulaya, mke amerudisha neno la babu zake, na wote wawili hawakuona ajabu. Mzee alitoka, mrefu, ameinama kidogo mabegani, nikampa shikamoo na redio yake. Alifurahi nayo kama mtoto. Mama alivaa miwani, akatazama viganja vyake vya mikono kwa muda, halafu akatazama uso wa mumewe.

Tulikula ndizi na maharage, na maziwa mgando. Baada ya chakula nikauliza juu ya sheri, na mama akacheka, akamwachia mzee, na mzee akamrudishia mama, mpaka mama akasimulia.

Alizaliwa ng'ambo ya Rusumo, upande wa Kibungo. Baada ya machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959, familia yake ilikuwa miongoni mwa waliokimbilia Ngara mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakapewa ardhi Muyenzi. Alivuka akiwa mgongoni kwa mama yake. Baba yake alikuwa mwalimu, amesomeshwa na mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao watu huwaita White Fathers. Alivuka bila ng'ombe hata mmoja. Kitu alichokuwa nacho ni vitabu viwili vya Kifaransa na tabia ya kumwita mkewe *chérie* mbele ya watu, jambo ambalo majirani wapya walilishangaa.

Hapa nieleze kidogo kwa msomaji ambaye hakukulia katika desturi hizi. Katika Rwanda ya zamani mwanamke aliyeolewa hakutamka jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayofanana nalo. Alitafuta njia ya kuzunguka. Majina ya watu wazima hayakutupwa ovyo. Mume na mke waliitana kwa jina la mtoto, kama tunavyofanya wengi wetu mpaka leo: Mama Fulani, Baba Fulani. Ni desturi nzuri, na mimi mwenyewe naipenda. Lakini ina shimo moja.

"Niliolewa mwaka 1977," mama alisema. "Tukakaa miaka minane bila mtoto."

Miaka minane. Kila mwanamke aliyeolewa mwaka mmoja na yeye alikuwa Mama wa mtu. Kisimani aliitwa "wewe". Wengine, nyuma ya mgongo wake lakini si mbali, walisema *ingumba*. Sikuhitaji tafsiri, kwa sababu Kiswahili kina *mgumba*, ni neno lilelile, limevuka vilima na bahari bila kupoteza ukali wake. Ndugu wa mume walikuja mara mbili kumshauri aoe mwingine.

Mzee, aliyekuwa ameinamia redio akitafuta stesheni, akainua uso.

"Siku naposa, baba yake aliniuliza nitamwita nani binti yake," alisema. "Nikamwambia, tukijaliwa, Mama Fulani. Akaniuliza, na kabla ya hapo? Sikuwa na jibu. Akaniambia, mwite sheri. Nikasema sijui maana yake. Akasema maana yake ni ghali."

Nilikuwa nimesoma hilo katika kamusi bila kulihisi. *Chéri* hutokana na *cher*, na *cher* kwa Kifaransa ni mpendwa na ni kitu cha bei kubwa pia, vyote kwa pamoja. Mkwe aliyepoteza ng'ombe wake wote, akipokea ng'ombe wa *inkwano* kwa binti yake katika nchi ya ugenini, alikuwa anamweleza kijana wa Kihangaza kwamba bei haijaishia zizini.

"Basi wale walipomwita vile walivyomwita," mzee akaendelea, "mimi nilisimama pale uani nikaita kwa sauti, wasikie mpaka barabarani. Sheri! Hawakujua ni nini. Wakadhani ni jina la heshima la kwao Rwanda. Baada ya mwaka mmoja nao wakaanza kumwita hivyo."

"Ungemwita kwa *urukundo*, neno la hapa?" niliuliza.

Alitikisa kichwa. "Wangenicheka. Lile ni neno la kusema ndani, usiku. Ukilitoa nje linavuliwa nguo. Hili lilikuja limevaa."

Nilikumbuka dereva wa Lusahunga na herufi zake nyekundu. Mtu mwenye aibu, au mwenye heshima, ambayo kwa watu wa nchi hizi mara nyingi ni kitu kimoja, anahitaji stara hata ya kusema anapenda. Neno la mgeni lilikuwa stara yao. Naamini mzee yule angeweza kupewa neno la Kigiriki na angelitumia vilevile. Utamu wa Kifaransa hauhusiki. Kilichohusika ni kwamba lilikuwa tupu siku lilipofika, halina mwanamke mwingine ndani yake, halina tusi, halina mtoto anayedaiwa, na yeye akalijaza.

Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka 1985. Rafiki yangu ni wa tatu. Kabla ya hapo familia ya mama ilikuwa imepewa uraia wa Tanzania pamoja na wakimbizi wengine wengi wa Rwanda wa miaka ile, katika utawala wa Mwalimu Nyerere, na mama anasema siku cheti kilipokuja baba yake alikisoma kwa sauti mara tatu. Baada ya uzazi, majirani walijaribu kumwita Mama wa mtoto wake mkubwa, kama ilivyo haki yake. Aliitikia. Lakini mzee hakubadilisha.

Niliwauliza kama mwaka 1994, wimbi lile lilipokuja, walikwenda Benaco. Mama alinyamaza kwa muda. Alisema alikwenda mara moja, na maziwa, akamkuta mwanamke wa umri wake anatoka kijiji jirani na kile cha kwao. Hawakuulizana ni nani alikimbia nini na mwaka gani. Alimpa maziwa. Yule mwanamke akamwambia *mersi, sheri*, na mama akaitikia kama anavyoitikia nyumbani, halafu akalia njia nzima kurudi. Hakusema zaidi na mimi sikuuliza.

Asubuhi niliondoka mapema kuwahi gari la Benaco. Wajukuu wawili walinisindikiza mpaka barabarani, mmoja amebeba kikapu changu chenye siagi iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Nilimuuliza mdogo, mwenye miaka kama sita, jina la bibi yake.

"Bibi Sheri," alisema.

Nikamuuliza maana yake ni nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maana ya Bibi.

"Ndiyo jina lake."

Kwenye kitambulisho cha taifa, ambacho mama alinionyesha ili nimsomee tarehe, kuna majina matatu na hakuna hata moja lililo sheri. Mlangoni mwa nyumba ile, kisimani, kanisani na kwenye simu za watoto wake wote watano, hakuna jina jingine.